Konzi ya Mama, mizani yangu: shajara ya wiki kumi na sita

Wiki ya 1

Mradi huu ulianzia kwenye kifungo. Kifungua mimba wetu, mwenye miaka 14, alipita sebuleni amevaa shati ambalo kifungo chake kimebandikwa kwa gundi. Sindano ipo nyumbani, tena inajulikana inakaa wapi, ila hakujua aanzie wapi. Mama yangu, ambaye amekuwa akiishi nasi tangu mwaka jana, alimvua lile shati, akaikwangua gundi kwa ukucha, kisha akamgeukia baba watoto. "Na wewe je, unaweza?" Baba watoto akacheka kile kicheko cha mtu ambaye hawezi.

Jioni ile tukaandika orodha ya kazi ambazo kizazi cha Mama kilizifanya bila kufikiri na sisi tunazinunua zikiwa tayari: kushona, kuoka, kuhifadhi mboga, kutengeneza sabuni, mboji, kamba, kunoa, kufuga, kutunza mbegu. Tukakubaliana kila Jumamosi asubuhi iwe ya kazi hizo, wote bila udhuru, na kila tulichofanya kiandikwe hata kama kimeharibika. Uandishi nimeuchukua mimi kwa sababu nina ugonjwa wa kupima. Kitu kisichopita kwenye mizani sikiamini. Mama hajawahi kumiliki mizani maishani. Ukimuuliza chumvi kiasi gani, atakujibu, "Kiasi." Kwa hiyo daftari hili pia ni kesi kati yangu na yeye.

Somo la kwanza likawa kifungo chenyewe. Kabla hata ya kushika kitambaa, Mama alifundisha urefu wa uzi: dhiraa moja, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Ukiuzidisha unajifunga mafundo njiani. Halafu akaweka njiti ya kiberiti kati ya kifungo na shati, akashona juu yake, akaichomoa, na pale palipobaki nafasi akauzungusha uzi mara kadhaa kama shingo. Sikuwahi kujua kwamba kifungo kinahitaji shingo ili kitambaa cha upande wa pili kipate pa kukaa. Nina miaka 41.

Kitinda mimba, mwenye miaka 6, ndiye mwenye macho makali kuliko sote, kwa hiyo amepewa cheo cha mtunga uzi. Analidai hilo cheo kila siku.

Wiki ya 2 hadi ya 4

Mkate wa chachu ya asili. Gramu 50 za unga, gramu 50 za maji, kwenye chupa ya mdomo mpana. Kila asubuhi nusu inatupwa na iliyobaki inalishwa tena kwa kipimo kilekile. Watoto wanaiita chupa hiyo "mgeni". Asubuhi wanaamka wakiuliza kama mgeni kaamka.

Siku ya 3 povu lilipanda mpaka kwenye kifuniko, tukashangilia. Siku ya 5 chupa ikanyamaza kabisa na kutoa harufu ya soksi. Baba watoto alishaishika kwenda kuimwaga. Mama akasema, "Iacheni, inabadilisha wenyeji." Nilidhani ni maneno tu ya kumtuliza mtu, mpaka nilipokwenda kusoma. Povu la siku za mwanzo kwa kawaida hutokana na bakteria ambao hawana kazi katika mkate. Wanazaliana haraka, lakini mchanganyiko ukishachachuka wao wenyewe hawauvumilii. Ndipo hamira ya asili na bakteria wa asidi ya laktiki wanaposhika nafasi, na kati ya hapo chupa huonekana imekufa. Watu wengi huimwaga katika siku hizo hizo. Siku ya 9 yetu iliumuka mara mbili ya kimo chake ndani ya saa tano.

Mkate wa kwanza: unga gramu 500, maji 375, chachu 100, chumvi 10. Niliupa saa nne za kuumuka kama nilivyosoma, nikauingiza kwenye oveni. Ulitoka mzito kiasi kwamba tungeweza kuunolea visu. Kifungua mimba aliupiga picha karibu na tofali.

Jumamosi iliyofuata Mama alilifunika saa langu kwa kitambaa cha jikoni. Hakutania. Akanifundisha kubonyeza donge kwa kidole kilichopakwa unga na kutazama shimo: likirudi upesi, bado, likirudi polepole na kubakiza alama, tayari, lisiporudi kabisa, umechelewa. Jiko letu lilikuwa na baridi siku ile, donge likahitaji karibu saa saba. Mkate uliliwa wote ukiwa moto, bila kisu. Andika: Mama 1, mizani 0.

Wiki ya 5

Kabichi ya kuchachua, na hapa nilikuja na ushahidi wangu. Chumvi ya kazi hii ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mboga, yaani gramu 20 kwa kila kilo. Ikipungua mno mboga inalegea na kuoza, ikizidi mno uchachukaji unazorota. Nikapima kabichi kilo moja moja katika mabakuli matatu. Kisha nikamwomba Mama atie chumvi apendavyo, ila kila mara aimwage kwanza kwenye kisahani changu.

Anafanya hivi: anakunja kitanga kidogo kama mtu anayekinga maji, anamimina chumvi mpaka ifunike mistari ya kiganja, anatikisa mara moja, kinachodondoka kinadondoka. Kisahani cha kwanza, gramu 21. Cha pili, 19. Cha tatu, 22. Wa katikati, mwenye miaka 11, aliyekuwa akisoma namba kwa sauti, alinitazama kama anayenionea huruma.

Tukaikamua kabichi kwa mikono dakika kumi mpaka ikatoa maji yake, tukaishindilia kwenye chupa ili maji yaifunike, tukaweka jiwe safi juu. Kisichozama ndicho kinachoota ukungu. Utando mweupe mwembamba uliotokea baadaye tuliuengua tu. Kungekuwa na manyoya ya kijani au meusi tungetupa chupa nzima. Katika wiki yake ya tatu kabichi ilikuwa imechachuka vya kutosha, tukaiingiza kwenye jokofu.

Wiki ya 6

Siagi: malai ndani ya chupa, kusukasuka kwa zamu, dakika 25, siagi. Hakuna la kuandika zaidi ya kwamba ugomvi wa zamu ulikuwa mkubwa kuliko kazi.

Mboji ndiyo iliyonitoa jasho. Rundo tulilolianza wiki ya 2 lilinuka mayai mabovu. Lilijaa maganda ya jikoni na majani mabichi, limeloa, halina hewa. Vijidudu wanaoozesha vitu kwa joto wanahitaji hewa, unyevu wa wastani, na vitu vikavu vyenye kaboni vikizidi vibichi vyenye naitrojeni. Tukalifumua lote kwa uma, tukachanganya majani makavu na maboksi yaliyochanwachanwa, tukalijenga upya mpaka likafika karibu mita moja kila upande, kwa sababu rundo dogo halitunzi joto. Kipimajoto changu kilisoma 58 siku ya nne. Mama hana habari na kipimajoto. Amechomeka ufito wa chuma katikati ya rundo, kila jioni anauchomoa na kuushika. Ukimfanya auachie haraka, rundo li hai. Sasa watoto wanapanga foleni kuushika ufito na kupiga yowe.

Kamba tuliifanya siku hiyohiyo mchana, kwa nyuzi za majani tuliyoyaanika. Siri yake nzuri sana kuitazama kwa karibu. Unashika mafungu mawili ya nyuzi. Fungu la mbele unalisokota kuelekea nje, kisha unalivusha juu ya lile la pili kurudi kwako. Yaani kila uzi umesokotwa upande mmoja na kamba yote imepotwa upande wa pili. Kila uzi unataka kujifumua, na katika kutaka kujifumua unaubana mwenzake. Ukifika mwisho wa fungu moja unaunga jingine, ila usiunge yote mawili mahali pamoja, hapo ndipo itakapokatikia. Kitinda mimba alitoa urefu wa shibiri moja. Wa katikati alitoa pima nzima, akaipima kwa kunyoosha mikono yote miwili, akalala nayo.

Wiki ya 7

Sabuni. Hii nilimwambia Mama mapema: leo ni siku ya mizani, hakuna "kiasi". Kwa mara ya kwanza hakubisha. Alinionyesha kovu dogo kwenye kifundo cha mkono, la ujana wake.

Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kostiki (kemikali kali, hidroksidi ya sodiamu) yakageuka kitu kingine. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu 1,000 za mafuta ya mizeituni zinahitaji karibu gramu 134, ilhali za mafuta ya nazi zinahitaji karibu 183. Ukibadilisha mafuta bila kupiga hesabu upya, ama unapata uji wa mafuta ama kipande kinachobabua ngozi. Yetu ilikuwa mizeituni 700 na nazi 300. Hesabu inatoa 148.7, tukapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki, tukapima gramu 141 za kostiki kwa gramu 300 za maji.

Miwani, glavu, mikono mirefu, madirisha wazi, watoto wawili wadogo nje ya jiko. Kostiki inamwagwa polepole ndani ya maji. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya kostiki, inaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Bakuli liwe la chuma kisichoshika kutu, maana kostiki inaila alumini na kutoa hewa inayowaka. Maji yalikuwa ya kawaida. Dakika mbili baadaye kipimajoto kilisoma 84, bila moto wowote. Kifungua mimba alirudi hatua nyuma mwenyewe.

Tuliacha vyote viwili vipoe, tukachanganya, tukakoroga. Dakika 20 hakuna kitu. Mama aliingia, akatazama, akasema, "Bado haiandiki." Nikamuuliza haiandiki nini. Akachota mchanganyiko kwa kijiko, akaudondosha juu ya sufuria, ukazama. Baada ya dakika nyingine kumi akarudia, na mstari ukabaki juu ya uso wake kama maandishi. Hapo ndipo tukamimina kwenye kalibu ya mbao. Siku ya pili tukakata vipande 12. Vinakaa juu ya rafu wiki sita, hakuna kugusa.

Wiki ya 8

Kunoa. Baba watoto na kinoo, asubuhi nzima. Pembe ya digrii 20 hivi, upande mmoja mpaka usikie kwa kidole gumba kijinyuzi chembamba cha chuma kilichojikunja upande wa pili, ndipo ugeuze. Ameharibu kisu kimoja na kukiokoa kimoja. Anasema ni sare.

Wiki ya 9

Koo mmoja kati ya wanne wetu ameanza kuatamia. Hatoki kiotani, anafura akikaribiwa, amejinyonyoa manyoya ya kifuani. Tumemwekea mayai kumi usiku, wakati kuku hana ubishi. Siku 21 kuanzia leo.

Kosa letu, liandikwe: hatukuyawekea alama. Siku ya 4 nilihesabu mayai kumi na tatu. Kuku wengine walikuwa wakiingia kutaga pale pale yeye anaposhuka kula. Sasa yapi ni ya siku ya kwanza? Mama akauliza mbona sikuyachora kwa penseli, swali ambalo angeweza kuniuliza siku nne mapema.

Wiki ya 10

Tumeyamulika mayai gizani, tochi ikiwa imezibwa kwa kadibodi yenye tundu. Yai la siku ya 7 lenye uhai lina mishipa myekundu kama mizizi ya mche na doa jeusi linalocheza. Kitinda mimba alikaa kimya dakika nzima, jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika historia ya nyumba hii. Manane yana mishipa. Mawili ni matupu, na matatu ya wageni yako nyuma. Tumeyatoa hayo matano, manane tumeyachora msalaba, na kuku wengine tumewazibia njia.

Wiki hiihii tuligombana kidogo. Baba watoto alitaka kuhifadhi maharage mabichi ndani ya chupa: uyachemshe, uyafunike moto moto, uweke rafuni. Nilikataa. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum ana mbegu zinazostahimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa isiyo na hewa wala uchachu anaweza kutengeneza sumu inayoua, bila harufu wala ladha ya kukuonya. Mboga zisizo chachu zinahitaji nyuzi joto karibu 121, ambazo huzipati bila chungu maalumu cha mgandamizo, na sisi hatuna. Vitu vyenye uchachu wa kutosha, yaani kipimo cha uchachu (pH) kisichozidi 4.6, ndivyo vinavyoweza kuhifadhiwa kwa maji ya kuchemka tu. Nilitegemea Mama aseme zamani walifanya na hawakufa. Alisema zamani walikausha.

Basi tukakausha. Maharage machanga yametumbukizwa maji ya moto dakika tatu, yakaanikwa chini ya wavu. Kipimo chake: ukilikunja livunjike kwa mlio.

Wiki ya 12

Siku ya 20 jioni yai moja lilikuwa na nyota ndogo kwenye ganda. Siku ya 21 asubuhi lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu ncha ya mdomo yenye kijijino cheupe inapumua. Saa sita baadaye hali ni ileile. Watoto walitaka kusaidia. Wa katikati alishashika kibano. "Anachoka, Bibi, tazama!" Mama akamkalisha kando ya banda, akamwambia kifaranga ananyonya damu ya ganda na kiini kilichobaki, ukimfungulia kabla hajamaliza atatoka akivuja. Nikaangalia baadaye: ndivyo ilivyo. Kati ya kutoboa na kutoka inaweza kupita siku nzima, na kile kiini anachokiingiza tumboni kinaweza kumtunza siku mbili bila kula.

Wa katikati hakuondoka. Alikula chakula cha mchana pale pale chini. Saa kumi na moja jioni ganda lilikatika duara kama kopo lililofunguliwa, akatoka kitu kilicholowa, kibaya kabisa, kilichoanguka kifudifudi na kulala.

Kati ya manane, vifaranga sita. Yai moja viza. Kimoja kilitoboa tundu, hakikutoka, kilikufa usiku. Wa katikati aliniuliza kama angetumia kibano kingepona. Sikuwa na jibu la kumpa, na Mama pia alinyamaza. Tulikizika kwenye rundo la mboji, pale joto lilipo zaidi, kwa ombi lake.

Wiki ya 13

Sabuni imetimiza wiki sita. Imekauka, imepungua uzito, inatoa povu jeupe zito. Kipande kimoja nilikipeleka kazini. Sitasema nilivyojisikia.

Wiki ya 14

Mbegu. Kamasi lililozizunguka mbegu za nyanya linazuia kuota, kwa hiyo zinaachwa zichachuke kwenye maji yake siku mbili tatu, zinaoshwa, zinaanikwa. Tumeacha mbegu za nyanya chotara tulizonunua, kwa kuwa watoto wake hawatafanana naye. Jaribio la uotaji: mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, zimeota saba, basi tutazipanda kwa wingi kidogo. Mama anapima umbali wa miche kwa shibiri mbili. Nimeacha kuchukua futikamba, inatosha.

Wiki ya 16

Hali ilivyo. Mkate: kila wiki, hatununui. Kabichi: chupa ya tatu. Mboji: ya kwanza imeiva, nyeusi, inanukia udongo baada ya mvua. Vifaranga: sita, wote hai. Visu: baba watoto anadai ushindi. Kushona: kifungua mimba amekunja na kushona pindo la suruali yake mwenyewe, mshono mmoja unaelekea kaskazini. Kilichokufa kabisa: mishumaa ya nta, niliyoijaribu wiki ya 11 na sikuiandika kwa aibu. Utambi ulikuwa mwembamba mno, ukazama.

Jumamosi hii mkono wa Mama ulikuwa unatetemeka, akashindwa kukinga chumvi ya kabichi. Wa katikati akasogea, akakunja kitanga kama Bibi yake, akamimina mpaka ikafunika mistari, akatikisa mara moja. Nilikuwa nimekwishaweka kisahani kwenye mizani, mazoea tu. Gramu 13. Mama akatazama namba, akatazama kile kitanga kidogo, akasema, "Rudia nusu."

Nimeandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari: kabichi kilo 1, kitanga kimoja cha Bibi, au kimoja na nusu cha wa katikati, kwa sasa.